Mbwa wa Kienyeji wa Lusu: Utangulizi wa Elimu ya Asili ya Mbwa wa Kuwinda

Ukipita Lusu, wilayani Nzega, hutakosa kumwona mbwa wa kuwindia amejilaza kivulini: mwembamba, manyoya mafupi, mkia umejikunja. Mwulize mwenyewe ni mbegu gani, atakujibu ni wa kienyeji tu. Elimu yetu inaanzia kwenye hilo "tu". Huyo wa kienyeji ametoka wapi, na anayetueleza tumwamini kwa lipi?

Mbwa wote wa kufugwa wametokana na mbwa-mwitu wa kijivu, mnyama wa Ulaya na Asia. Usimchanganye na mbwa mwitu wetu wa mabaka, yule wa Ruaha. Huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo mbwa wa kufugwa aliingia Afrika pamoja na watu, maelfu ya miaka iliyopita.

Utasikia pia neno kosaafu. Ni mnyama ambaye wazazi wake, na wazazi wao, wameandikwa katika daftari la nasaba, yaani kitabu cha nani kamzaa nani. Madaftari haya ni ya juzi: chama cha Uingereza cha kusajili mbwa kilianzishwa mwaka 1873, misafara ya pembe za ndovu ikiwa bado inapita Tabora. Basi mtu akikuambia mbegu yake ina miaka elfu tano, daftari haliwezi kumsaidia. Alete mfupa, au vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo katika seli za mwili.

Tazama yule aitwaye Pharaoh Hound. Kwa kuwa masikio yake yamesimama kama ya mbwa waliochorwa makaburini Misri, alisifiwa kuwa mbwa wa mafarao. Kwao ni Malta, anakowinda sungura. Mwaka 2009 mtafiti Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Pharaoh Hound alionekana kuwa na asili ya nje ya Afrika kwa sehemu kubwa. Hata mbwa aitwaye Ridgeback, ambaye vigezo vya mbegu yake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, alikuwa hivyo hivyo. Aliyeangukia upande wa mbwa wetu ni Basenji wa Kongo, ambaye habweki kama wengine, hata wawindaji humfunga kengele ya mti ili wajue alipo porini.

Mimi humpima mtaalamu kwa swali moja: uliangalia nini? Mwindaji mzee namsikiliza kuhusu pua na mbio kuliko profesa yeyote. Kuhusu nasaba ya miaka elfu, hapana. Muuza watoto wa mbwa namsikiliza kwa tahadhari, kwani hadithi ya mafarao hupandisha bei. Na anayedai kwamba mbwa wa Unyamwezi ni chotara wa mbwa wa misafara, namwomba ushahidi wa damu. Msafiri Stanley alitoka Uingereza na mbwa watano mwaka 1874, na wote walikufa safarini; kupita njia si kuacha uzao.

Hata Boyko aulizwe vivyo hivyo. Orodha yake ya mwaka 2009 haina mbwa wa Tanzania, kwa hiyo atakayekutajia asilimia za mbwa wa Lusu kwa kuitegemea, mwulize sampuli alichukua kijiji gani.