Tuzo ya Mpiga Picha wa Kijijini: Aliyepigwa Picha Naye Awe Mwamuzi

Mwaka 2013 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilianzisha Tamasha la Filamu la Uganda, na watengenezaji wa filamu wa nchi yetu wakaanza kutunukiwa tuzo mbele ya taifa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini yuko mtengenezaji mwingine ambaye hapana budi naye akumbukwe: kijana wa kijijini mwenye kamera moja, asiye na studio wala mshahara, anayewaonyesha majirani zake mambo yao wenyewe. Je, huyu apimwe kwa kipimo gani? Swali hili lawahusu askari na polisi pia, hasa walio zamu kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Wenzetu wamekwisha kulijibu kwa sehemu. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1970, miji mingi iliyataka makampuni ya televisheni ya waya yatenge chaneli kwa matumizi ya wananchi, na sheria ya mwaka 1984 ikaithibitishia miji uwezo huo. Vituo hivyo vina tuzo zao, ziitwazo Hometown, ambamo kazi za watu wa kujitolea hushindanishwa mbali na kazi za wafanyakazi wa kulipwa. Ni haki, kwani mwenda kwa miguu hashindanishwi na mwenye gari.

Mmoja wa waasisi wa televisheni hiyo ya wananchi, George Stoney, alikuwa amefanya kazi Kanada, katika mpango wa serikali wa kuwapa raia kamera. Mwaka 1967, chini ya mpango huo, Colin Low alikwenda kisiwa cha Fogo, ambacho wavuvi wake walikabiliwa na hatari ya kuhamishwa. Aliwapiga picha wakieleza shida zao, kisha akawaonyesha wao kwanza, kila mmoja akiwa na haki ya kusema, “Hapa pangu paondolewe.” Baadaye filamu zilipelekwa kwa viongozi, na jibu la waziri likapigwa picha na kurudishwa kisiwani. Wavuvi waliunda chama cha ushirika, na kisiwa hakikuhamwa.

Funzo hilo lina uzito wa pekee Nakivale. Makazi hayo ya Wilaya ya Isingiro, iliyokuwa zamani sehemu ya Mbarara, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda, kabla ya Uhuru wetu. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 100,000. Mbarara ina TV West, inayowahudumia wananchi kwa lugha za magharibi. Lakini Mkongo na Mrundi wa Nakivale huelewana zaidi kwa Kiswahili, lugha ileile inayotuunganisha sisi jeshini. Habari za chanjo, mgao wa chakula au mgogoro wa shamba zikisemwa kwa lugha isiyofahamika, uvumi hushika nafasi yake. Na uvumi ukishawaka, anayeitwa kuuzima ni askari.

Basi kazi ya kijana mwenye kamera ni msaada kwa usalama. Kakuma, nchini Kenya, shirika la FilmAid lilifika mwaka 2001, likaonyesha filamu uwanjani na kuwafundisha vijana wakimbizi kutengeneza zao. Lakini kamera hiyohiyo yaweza kudhuru. Mkimbizi aliyemtoroka adui yake aweza kutambuliwa kwa uso, kwa sauti, hata kwa mlango wa nyumba yake. Tuzo ikitolewa kwa machozi mengi, vijana watatafuta machozi, na mjane aliyelia mbele ya kamera ndiye atakayelipa gharama.

Kwa hiyo twapendekeza mizani ya maswali manne. Je, aliyepigwa picha aliridhia akielewa itakakofika? Je, alionyeshwa kabla ya wengine? Je, kipindi kilisemwa kwa lugha ya waliokusudiwa? Je, kuna jambo lililotengenezeka baada yake, kama vile kisima kufunguliwa au majirani kupatana? Ung’avu wa picha uje nyuma ya hayo.

Nasi wenye sare tuna wajibu wetu. Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 29, inalinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Ibara ya 27 inalinda faragha ya mtu. Askari anapomkuta kijana na kamera Nakivale, na amwulize kwa adabu kibali chake na ridhaa ya anaowapiga picha. Asimnyang’anye chombo kwa hasira. Asimwachie pia amfuate mtu aliyekwisha kusema hapana. Aliyekataa ana sababu, na hapaswi kuitangaza barabarani.

Siku tuzo ya namna hiyo itakapoanzishwa, isikabidhiwe katika ukumbi wa hoteli Mbarara peke yake. Na litandazwe pazia jeupe uwanjani Nakivale, filamu zionyeshwe jioni, na walioonekana ndani yake wapewe kura. Wao ndio wanaojua kama wamesemwa kweli.