Tusiite Ajali Tulichokijenga Wenyewe

Wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hii husikika mara kwa mara katika matanga yetu, hasa pale marehemu anapokuwa mtu aliyegongwa na gari akivuka barabara ya mtaani mwake. Mzee husimama akaitamka, waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kukubali, na shughuli za mazishi zikaendelea. Hakuna aulizaye barabara ile ilichorwa na nani, wala kwa nini mtoto wa shule hulazimika kuivuka mbio kama swara anayewindwa.

Kwa yeyote ashughulikaye na taaluma ya lugha, neno ajali ni la kutazamwa kwa makini. Limetoka katika Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai alichoandikiwa kila kiumbe. Hiyo ndiyo maana waliyoikusudia wahenga: siku ya mja ikifika, hakuna ngao wala dawa. Nao walisema kweli. Lakini sisi tumelichukua neno lilo hilo tukalibandika juu ya jambo jingine kabisa, yaani kugongana kwa chuma na mwili wa binadamu mahali palipopimwa, pakachorwa na kujengwa kwa fedha za umma. Tufanyapo hivyo, tunamtwika Mwenyezi Mungu mzigo ambao ni wa mhandisi, wa diwani na wa sisi raia tunaonyamaza.

Hebu tutazame hesabu. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024. Kundi linaloongoza kwa vifo hivyo si la madereva wala la abiria. Ni la waendao kwa miguu, ambao ni takriban thuluthi moja ya wote waliokufa. Zaidi ya hayo, vifo hivi havikutapakaa ovyo. Hutokea mahali pale pale, mwaka nenda mwaka rudi: penye kituo cha matatu kisicho na kivuko, penye soko lililopakana na barabara ya mwendo wa kasi, penye lango la shule lisilo na hata tuta moja. Polisi wa trafiki wanapajua. Wachuuzi wanapajua. Jambo linaloweza kutabiriwa kwa jina la mahali na kwa saa ya siku haliwezi kuwa kudura. Ni matokeo.

Mzizi wa matokeo haya ni jinsi tulivyougawa upana wa barabara. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya mpango wa maendeleo ya jiji la Nairobi muongo uliopita ulionyesha kwamba zaidi ya safari nne katika kila kumi jijini hufanywa kwa miguu. Zinazofuata ni za matatu na mabasi. Gari la kibinafsi hubeba sehemu ndogo tu ya wasafiri. Licha ya hayo, ukisimama katika barabara nyingi za mitaa ya mashariki mwa jiji, utaona kwamba karibu lami yote ni ya magari. Aendaye kwa miguu ameachiwa ukingo wa mtaro, naye mwendesha baiskeli hakuachiwa chochote. Walio wengi wamepewa kilicho haba, na wachache wamepewa kilicho kingi.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Miji ya Waswahili ilijengwa kwa kipimo cha mtu na cha punda. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mji wa Lamu, vichochoro ni vyembamba, kuta hutoa kivuli, na nje ya nyumba kuna baraza za kuketi na kuzungumza. Mpita njia na mkaa baraza husalimiana kwa kuwa hakuna kinachowatenganisha. Hata Nairobi yenyewe, mji uliozaliwa reli ilipofika hapo mwaka 1899, ilikuwa na mitaa kama Kaloleni na Bahati, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Wengi wa wafanyakazi hao walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Wajukuu wao bado wanatembea. Kilichobadilika ni barabara.

Tuchukue mfano wa barabara ya Outer Ring, yenye urefu wa kilomita 13, ambayo ilipanuliwa katika miaka ya 2010. Barabara hii haipiti porini. Inakatiza katikati ya makazi ya watu wengi mno: Kariobangi, Umoja, Donholm, Pipeline. Mtu anaishi upande huu, na soko, shule au kanisa lake liko upande ule. Barabara ya namna hii ikipanuliwa bila ya vivuko vya kutosha, huwa mfano wa mto uliofurika kati ya vijiji viwili vya ukoo mmoja. Jawabu letu la kawaida limekuwa ni kujenga daraja la juu la waendao kwa miguu, kisha kuwalaumu wasiolitumia kwamba hawana nidhamu. Lakini tumtazame mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, ambaye daraja la karibu liko mbali naye, na ambaye akilifika lazima apande, avuke, ateremke, kisha arudi umbali ule ule. Tumtazame mzee mwenye mkongojo na mlemavu katika kiti chake cha magurudumu. Wote hawa tumewaambia wazunguke ili gari lisipunguze mwendo, ilhali aliye ndani ya gari ameketi, na kazi ya kupunguza mwendo ni ya kukanyaga breki tu.

Mwendo ndio roho ya suala hili. Sheria yetu ya Trafiki huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu za mgongano huongezeka mara nne. Mtu agongwaye na gari liendalo kilomita 30 kwa saa kwa kawaida hunusurika. Mwendo ukipita 50, matumaini yake hupungua vibaya sana. Nambari iliyoandikwa kwenye bango haimzuii dereva iwapo barabara yenyewe, kwa upana na unyoofu wake, inamnong'oneza akimbie. Kinachomzuia ni umbo la barabara: safu za magari zilizo nyembamba kiasi, kona zilizobanwa ili gari lipinde polepole, kisiwa cha katikati ambapo avukaye atapumua, na kivuko kilichoinuliwa hadi kimo cha njia ya miguu. Katika kivuko cha namna hiyo, anayepanda na kushuka ni gari, si mtu.

Msomaji atauliza: nafasi ya kufanyia haya yote itatoka wapi? Tuseme tuna barabara ya mtaani yenye upana wa mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta. Toa mita 3.5 kila upande ziwe njia ya miguu. Toa mita 2 kila upande za miti, taa, vituo vya matatu na vibanda vya wachuuzi. Toa mita 2 kila upande za baiskeli, zitengwe kwa ukingo ili boda boda wasiingie. Weka safu moja ya mabasi na matatu kila upande, mita 3.5, na safu moja ya magari mengine kila upande, mita 3. Zitakuwa zimebaki mita 2 za kisiwa cha katikati. Jumlisha, utapata 30 kamili. Hakuna aliyefukuzwa barabarani. Kila mmoja amepewa fungu lake.

Na wala mgawo huu hauipunguzii barabara uwezo wake. Wataalamu wa uchukuzi wa miji ya Marekani wamekadiria kwamba safu moja ya lami ikitumiwa na magari ya kibinafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Safu hiyo hiyo ikitengewa mabasi yanayofuatana kwa karibu, hupitisha kati ya 4,000 na 8,000. Ikiwa njia ya miguu, huweza kupitisha watu 9,000. Tukiendelea kupima barabara kwa idadi ya magari, daima tutaona msongamano na kutaka kuipanua. Tukiipima kwa idadi ya watu, tutaona kwamba nafasi ipo, ila imegawanywa visivyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Uholanzi, na kwamba sisi si Waholanzi. Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa historia. Mwaka 1971, watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara za Uholanzi, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 400. Miji yao ilikuwa imejaa magari kama yetu, na barabara zilikuwa zikipanuliwa kila uchao. Wazazi waliingia mitaani, wakafunga barabara, wakaunda vuguvugu walilolipa jina Stop de Kindermoord, yaani "Komesheni Mauaji ya Watoto". Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusita. Hawakusema ajali. Walisema mauaji. Walipobadilisha neno, walibadilisha pia swali, na serikali ikalazimika kulijibu kwa njia za baiskeli na mitaa ya mwendo wa polepole. Njia hizo wanazosifiwa kwazo leo hazikuletwa na hulka ya taifa. Zililetwa na madai ya raia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Dar es Salaam ilianzisha mabasi yaendayo haraka mwaka 2016 katika njia ya takriban kilomita 21, na pembeni mwake zikajengwa njia za miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 jiji hilo likapewa tuzo ya kimataifa ya uchukuzi endelevu. Kigali ilifunga sehemu ya barabara ya katikati ya mji kwa magari mwaka 2015, na ikaiachia watu. Hapa kwetu, barabara ya Luthuli jijini Nairobi ilifanywa ya mwelekeo mmoja mwaka 2019, njia za miguu zikapanuliwa. Tena Kaunti ya Nairobi ilikuwa imeandika sera mwaka 2015 ikiazimia kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka huo huo wa 2015 tulikuwa na maneno yanayofaa katika karatasi. Lakini kilichozinduliwa kwa shamrashamra mwaka 2022 kilikuwa barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, ambayo aendaye kwa miguu, mwenye baiskeli na hata mwenye boda boda haruhusiwi kuikanyaga.

Kuna hofu ya wafanyabiashara pia, nayo isipuuzwe. Mwenye duka huamini kwamba gari likikosa pa kuegeshwa mlangoni pake, biashara itakufa. Lakini katika mitaa ninayoizungumzia, wateja wengi huja kwa miguu au hushuka kutoka kwenye matatu. Na mchuuzi wa mitumba au wa mahindi ya kuchoma hukaa juu ya njia ya miguu kwa sababu ndipo wateja wanapopita, na kwa sababu mchoraji hakumkumbuka. Askari wa kaunti wamemfukuza kwa miaka mingi, naye hurudi jioni. Heri achorewe sehemu yake kuliko kufukuzana naye kila siku.

Nirudi kwenye lugha. Kiswahili kina neno barabara lenye maana mbili. La kwanza ni njia pana. La pili ni sawasawa, kama tusemavyo "amelijibu swali barabara". Asili yake ni Kiajemi, ambako barabar ni kitu kilicho sawa na kingine. Yaani katika jina la kitu hiki tunachokigombania kuna wazo la usawa. Kadhalika neno mtaa, ambalo kwanza ni mahali pa kukaa watu, majirani wanaojuana. Barabara ya mtaani basi ni sehemu ya makao kabla ya kuwa pito la wageni.

Kwa walimu na wanafunzi ninalo ombi. Chukueni futi kamba, daftari na saa. Pimeni barabara iliyo mbele ya shule yenu, mkiwa kando yake mahali palipo salama. Hesabuni kwa saa moja ya asubuhi ni wangapi waliopita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa matatu na kwa gari la kibinafsi, kisha mlinganishe na upana waliopewa. Hilo ni somo la hisabati, la jiografia na la uraia kwa pamoja. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na uegeshaji wa magari, na ikamtaka raia ashirikishwe. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, pelekeni hesabu hiyo mkiwa na majina ya mahali, vipimo na idadi. Diwani anaweza kuyapuuza malalamiko. Ni vigumu zaidi kuipuuza hesabu ya darasa zima iliyosomwa mbele ya wazazi.

Na siku nyingine mtu wa mtaa akigongwa, tumwombee marehemu, tuwafariji wafiwa, na methali ile tuiache kwanza. Tuulize kivuko kiko wapi.