Mabega Yanayofanya Kazi ya Miguu

Katika miji na vijiji vyetu wako watu wengi wasiotembea kwa miguu. Mmoja alishikwa na polio alipokuwa mtoto. Mwingine aliumia uti wa mgongo alipoanguka kutoka juu ya mchikichi, au gari lilipopinduka. Mwingine alikatwa miguu kwa sababu ya vita au ya ugonjwa wa sukari. Hao huenda kwa kiti cha magurudumu, au kwa ile baiskeli ya magurudumu matatu izungushwayo kwa mikono. Huko Goma, kwa miaka mingi, wachuuzi wa namna hiyo wamejulikana sana kwa kuvusha mizigo mizito mpaka Gisenyi.

Juu ya watu hao twasikia maneno mengi: nani atawanunulia kiti, nani atawalipia masomo. Lakini liko jambo moja lisahauliwalo, nalo huwekwa mbele yao kila siku: ni sahani ya chakula. Leo twapenda kusema juu ya chakula chao na uzito wa mwili wao. Wala hatusemi juu ya uzuri wa sura. Twasema juu ya uhuru: mtu huyu, atakapofika miaka hamsini, je, ataweza kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini, au atabebwa na wengine?

SABABU YA KUNENEPA

Misuli mikubwa kupita yote ya mwili ni ile ya matako na mapaja. Mtu atembeapo, misuli hiyo huteketeza chakula kama jiko liteketezavyo makaa. Ikiwa imepooza, hupungua, na jiko huwaka kidogo tu. Lakini sahani mara nyingi hubaki ileile. Chakula kisichotumika mwili hukiweka akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori 120 hivi. Basi yule anayepata kila siku kijiko kimoja tu kupita mahitaji yake, aweza kuongeza kilo kadhaa kwa mwaka, bila kujua zimetoka wapi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ni nani abebaye kilo hizo? Si miguu tena, bali mabega. Kiungo cha bega kiliumbwa kwa kufikia vitu, si kwa kubeba mwili mzima. Lakini mtu wa kiti hujiinua kwa mikono kila apandapo kitanda, kila aendapo chooni, na kila alima ni kazi ya mabega. Kila kilo inayozidi huyachosha zaidi, nayo maumivu ya bega ni taabu ya wengi waliotumia kiti miaka mingi. Bega likiharibika, mtu hupoteza miguu yake mara ya pili.

Uzito huleta pia vidonda vya kukaliwa. Kiti kilichokuwa kipana sasa hubana nyonga. Jasho hukaa katika mikunjo ya ngozi. Mtu hujiburuta kwa sababu hawezi tena kujiinua, na ngozi huchubuka. Tena kuna ugonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu.

Walakini kukonda kupita kiasi ni hatari vilevile. Mifupa ya matako isiyo na nyama hubana ngozi juu ya kiti, na kidonda hakiponi mwilini mwa mtu asiyekula vizuri. Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote kujinyima chakula. Mwenye kutaka kupungua na apungue polepole, kama nusu kilo kwa juma, akitazama ngozi yake kila jioni kwa kioo. Na mwenye kidonda asianze kupunguza uzito pasipo shauri la mganga.

JINSI YA KUJIPIMA

Mtu asiyeweza kusimama atapandaje mizani? Aende panapopimwa magunia. Apimwe pamoja na kiti chake, kisha kiti kipimwe peke yake. Ikiwa vyote viwili ni kilo 88, na kiti ni kilo 20, basi mwili ni kilo 68. Afanye hivyo mara moja kwa mwezi, akaandike katika daftari. Pasipo mizani, achukue uzi, ajizungushie kiunoni akiwa amelala chali, apige fundo. Mwezi ujao fundo hilo litamwambia kweli.

Jambo moja lataka uangalifu. Katika zahanati hugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, na wakipata 30 au zaidi, husema kwamba mtu ana unene wa kupita kiasi. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.70, hiyo ni kilo 87 hivi. Lakini kwa waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, watafiti wamependekeza 22, maana yake kilo 64 hivi kwa urefu uleule. Sababu ni hii: misuli yao imepungua na mafuta yameshika mahali pake, hata ikiwa mizani haionyeshi neno.

SAHANI ILIYOPANGWA VEMA

Si lazima kununua vyakula vya dukani. Sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga, kama sombe, lengalenga au matembele, robo iwe ugali, wali au viazi, robo iwe maharagwe, samaki au yai. Ugali upunguzwe, usiondolewe. Maharagwe na samaki wasipunguzwe, kwa kuwa ndivyo vinavyojenga misuli ya mabega na kuponya ngozi. Sambaza wa Ziwa Kivu hufaa sana, kwani huliwa pamoja na mifupa yao, nayo huupa mwili madini ya kuimarisha mifupa.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Karanga na avoka ni vyakula vizuri, lakini vina mafuta mengi, vitoshe kidogo. Badala ya mandazi, mtu ale papai au pera, ambayo husaidia pia tumbo lililo zito kwa kukaa siku nzima.

Vinywaji navyo huhesabiwa. Chupa ndogo ya soda huwa na sukari ya vijiko vidogo saba hivi. Chupa kubwa ya bia hukaribia kalori 300, sawa na vijiko viwili na nusu vya mawese. Bali maji hayana kalori hata moja. Tunajua kwamba wengi hujinyima maji kwa kuogopa taabu ya choo njiani. Lakini kwa kujinyima hivyo hujipatia ugonjwa wa mkojo na tumbo kufunga. Mkojo uwe na rangi hafifu. Hiyo ndiyo alama ya kunywa vya kutosha. Atumiaye mpira wa mkojo amwulize mganga kipimo chake.

MWILI WATAKA KAZI

Mwaka wa 1944 mganga Ludwig Guttmann alifungua huko Stoke Mandeville, Uingereza, idara ya wagonjwa walioumia uti wa mgongo. Siku hizo watu walidhani kwamba wagonjwa hao hawana la kungoja ila kufa. Yeye aliagiza wageuzwe kitandani kila saa mbili, na tena wacheze. Tarehe 29 Julai 1948, watu 16 wa viti vya magurudumu walishindana huko kwa upinde na mshale. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki, iliyofanywa mara ya kwanza Roma mwaka wa 1960.

Siku hizi Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka wa 2020, linawashauri watu wazima wenye ulemavu kufanya mazoezi dakika 150 mpaka 300 kwa juma, kwa kadiri ya uwezo wao. Nusu saa ya kuendesha kiti, siku tano, yatosha kuanza. Kwa kuwa kiti husukumwa mbele daima, mtu afanye pia mazoezi ya kuvuta kwa nyuma, kwa mfano kwa utepe wa mpira uliofungwa mlangoni, ili mabega yasiende upande mmoja. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu amwulize mganga kwanza.

NI NANI ANAYEPAKUA?

Katika nyumba moja mama humwonea huruma mwanawe: «Maskini, ale tu, ana furaha gani nyingine?» Naye humwongezea ugali kila mara. Katika nyumba nyingine mtu wa kiti hupewa mwisho, mabaki ya wengine, kana kwamba asiyetembea hahitaji samaki. Wa kwanza wapenda vibaya, wa pili hawapendi. Wote wawili wamefanya kosa moja: hawakumwuliza mwenyewe.

Basi, akina mama na akina baba, mpeni ndugu yenu mwiko mkononi. Wekeni jiko mahali anapofikia, aende sokoni, achague, apike, ajipakulie. Mumwonye jambo moja tu: asipakate sufuria ya moto, kwani mapaja yasiyo na hisia huungua bila mwenyewe kujua.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu wa kiti msimwache kando wakati wa mchezo. Mpira wa kikapu huchezwa pia kwa kukaa, na mabega yake yataka kazi kama miguu yenu inavyoitaka.