Visanduku Makaburini: Idhini Iombwe kwa Nani?

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa na safari za watalii, lipo moja dogo ambalo halijazungumzwa vya kutosha hapa visiwani, nalo ni mchezo wa kuficha na kutafuta visanduku kwa msaada wa satelaiti. Wenyewe huuita jiokeshingi. Mchezaji huficha chombo chenye daftari ndani yake, kisha hutangaza katika intaneti vipimo vya mahali alipokificha. Mchezaji mwingine, pengine aliyetoka bara jingine, hukifuata kwa simu yake, hutia sahihi daftarini na kukirudisha pale pale alipokikuta.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani. Tarehe 2 Mei, 2000, serikali ya nchi hiyo iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti zake zilizokuwa zikipokelewa na raia, na siku ya pili yake Bwana Dave Ulmer akaweka ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ili wenziwe waitafute. Leo visanduku vya namna hiyo vinahesabiwa kwa mamilioni duniani, chini ya madaraja, katika mashina ya miti na kando ya minara. Kwa hayo hatuna ugomvi na mtu. Neno letu ni juu ya makaburi.

Wachezaji wengi hupenda mahali penye utulivu na historia, na mava yana vyote viwili. Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba mchezo wao umewafikisha watu kwenye makaburi yaliyosahauliwa, wakayafyeka na kuyasoma majina. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini chombo wanachokitegemea kina kasoro yake. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi, ilhali kaburi na kaburi hutengana kwa hatua moja au mbili. Mtafutaji akishaambiwa na simu kwamba amefika, hajui kama amefika kwa huyu au kwa yule. Basi huanza kuzunguka, kuinua mawe na kupapasa nyufa. Katika maziara yetu, ambako makaburi mengi hayana ila vijiwe viwili vya mashahidi, na mengine hata hivyo vimezama ardhini, mgeni huyo atakuwa amekwisha kukanyaga watu kumi kabla hajaona kitu.

Mwaka 2005 jambo hili lilifikishwa mbele ya wabunge wa jimbo la South Carolina, huko huko Marekani, na aliyelifikisha ni mwakilishi wa Beaufort, Bibi Catherine Ceips. Beaufort ni mji wa kisiwani. Katika visiwa vya pwani ile, kama vile St. Helena na Hilton Head, wanaishi Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliotumikishwa utumwani katika mashamba ya mpunga na pamba. Mava yao mengi ya kale yamo msituni, karibu na maji, na desturi ya wazee wao ilikuwa kuweka juu ya kaburi vitu vya marehemu: kikombe, sahani iliyovunjwa, taa, saa, pamoja na makombe ya baharini. Asiyejua hudhani ni takataka zilizotupwa. Anayetafuta kisanduku aweza kudhani ndicho alichokifuata, akakishika, akakifungua, akakiacha upande mwingine.

Hatusemi kwamba mswada ule uliandikwa kwa ajili ya makaburi hayo peke yake. Ulihusu jimbo zima, nao ulitaka iwe kosa kuucheza mchezo huu makaburini au mahali pa kumbukumbu za kale bila ya idhini ya maandishi ya mwenye mahali hapo au ya anayepasimamia. Wabunge walionyeshwa picha za wachezaji wakiwa makaburini. Baraza la Wawakilishi likaupitisha. Seneti haikuufikisha kwenye kura, nao ukafa.

Kwa maoni yetu, mswada ule ulikuwa na neno moja jema, yaani “maandishi”, na neno moja gumu, yaani “mwenye”. Huko Hilton Head baadhi ya mava ya Wagullah sasa yamo ndani ya mitaa ya matajiri yenye mageti na walinzi, na jamaa za marehemu hulazimika kupitia kwa mlinzi wakitaka kuwazuru wafu wao. Aliyemzika mama yake pale si yule mwenye hati ya ardhi. Idhini ingeweza kutolewa kihalali kabisa, na wenye maiti wasijue lolote.

Na sisi je? Mgeni akitaka kuficha kisanduku chake katika mava ya shamba, abishe mlango gani? Magofu ya Ras Mkumbuu kule Pemba, pamoja na makaburi yake ya nguzo, yamo mikononi mwa wasimamizi wa mambo ya kale. Ardhi iliyowekwa wakfu ina wasimamizi wake. Makaburi yaliyo kando ya msikiti wa kijiji hutunzwa na wazee wa msikiti, na mara nyingi hakuna karatasi yoyote isemayo hivyo. Kisiwani Chapwani wamelala mabaharia wa Kiingereza, wakiwamo waliokufa katika manowari ya Pegasus iliyopigwa na Wajerumani bandarini tarehe 20 Septemba, 1914. Hao nao wana jamaa, ingawa wako mbali. Mgeni mwenye adabu, aliyetaka kwa moyo safi kuomba ruhusa, atazungushwa kutwa. Asiye na adabu hataomba.

Tusisahau pia kwamba pwani yetu ilikwisha kuonja hasara ya wapita njia. Wazee walipachika mabakuli ya Kichina katika makaburi yao ya mawe, na leo mengi ya makaburi hayo, kutoka kusini hadi kaskazini, yamebakiwa na matundu matupu.

Tunawashauri wahusika wasikimbilie kupiga marufuku. Marufuku isiyo na mlinzi huwazuia wema tu. Mlango wa kwanza na uwe kwa sheha, kwa sababu yeye ndiye awajuaye wazee wa msikiti na jamaa za waliozikwa. Kisha yeye ndiye apeleke habari kwa wakfu au kwa wasimamizi wa mambo ya kale, kila mahali kwa hali yake. Nakala moja ifike kituo cha polisi. Hilo si dogo: mwaka 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, kisanduku cha mchezo huu kilidhaniwa kuwa bomu, wanajeshi wakaitwa kukilipua.

Uingereza hiyo hiyo, hata hivyo, imetupa mfano unaofaa. Huko wachezaji wana desturi ya kutumia viwanja vya makanisa bila ya kuweka chombo kaburini. Mtafutaji husoma tarehe zilizochongwa katika mawe, akafanya hesabu, nayo hesabu humpeleka nje ya ukuta, mahali pengine kabisa, ambako ndiko kisanduku kiliko. Amewasoma wafu wala hakuwagusa. Jambo hili lafaa kwenye mabao ya maelezo ya magofu yetu na kule Chapwani. Kwa mava yanayozikwa watu hadi leo, rai yetu ni kwamba hata hilo lisiruhusiwe ila wenyewe wakiridhia.

Karatasi ya idhini haihitaji kurasa nyingi. Iandikwe jina la mwombaji, mahali hasa patakapowekwa chombo, mwisho wa muda wake, na sharti kwamba hakuna atafutaye usiku wala wakati wa mazishi. Chini yake pawe na nafasi mbili za sahihi, ya sheha na ya mmoja wa wazee wa mava hayo. Nafasi ya pili ikiwa tupu, karatasi irudishwe kwa mwombaji bila ya muhuri.