LENGO LA MBALI NDIYO DIRA YA KAMPUNI

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu msomaji, kampuni nayo ni vivyo hivyo. Wengi wetu hudhani kazi ya kampuni ni kuhesabu faida ya mwezi, basi. La hasha! Kampuni isiyojua itakuwa wapi miaka kumi ijayo ni kama matatu yenye petroli tele na dereva asiyejua aendako.

Hebu tutazame benki ya Equity. Ilianzishwa mwaka wa 1984 ikiwa shirika dogo la kukopesha watu pesa za nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa hoi. Zaidi ya nusu ya mikopo ilikuwa hailipwi ipasavyo, na hasara ilikuwa imeuzidi mtaji. Badala ya kufunga milango, ikajiwekea lengo kubwa: kumhudumia mkulima mdogo na mama wa sokoni, watu ambao benki nyingi hazikuwajali.

Lengo hilo lilifaulu vipi? Kwanza, lilikuwa wazi. Mteja alijulikana ni nani. Pili, lilikatwa vipande vidogo. Kompyuta zikaletwa, magari yakapeleka huduma vijijini, na ada ya kufungua akaunti ikaondolewa. Tatu, lilipewa muda. Shirika lilipata leseni ya benki mwishoni mwa 2004, likaingia Soko la Hisa la Nairobi 2006. Hiyo ni miaka 13 tangu lilipokuwa hoi! Lengo kubwa lisilo na hatua ni ndoto ya mchana.

Somo hili si la benki peke yake. Mama yangu yumo katika chama cha akina mama kumi na wawili. Kila Disemba waligawana pesa zote, Januari wakaanza tena na sufuri. Mwaka jana, mimi nikiwa karani wao, niliuliza, "Mama zangu, miaka kumi ijayo mnataka kuwa na nini?" Kimya. Kisha mmoja akasema, "Mashine yetu wenyewe ya kusaga unga."

Disemba hiyo nusu ya pesa ilibaki benki. Januari nilirudi shuleni na viatu vyangu vya zamani, kisigino kimelika upande mmoja. Sikununa hata kidogo. Nilijua viatu vipya vimeenda wapi.

Je, wewe mwenzangu, chama chenu kinaelekea wapi?