Juu ya Kukabana Shingo katika Tendo la Ndoa

Jambo tunalotaka kueleza leo si la kusomwa kwa sauti wakati wa chakula. Lakini mapadri na makatekista wanaofundisha wachumba wamekwisha kuulizwa juu yake, na mwalimu akinyamaza, wachumba hutafuta jibu katika telefone. Humo picha nyingi za aibu huonyesha mume akimkaba mkewe shingo wakati wa tendo la ndoa, kana kwamba ni desturi ya watu wote. Wengine huziba pumzi kwa mkono au kwa mto. Hatutasema hapa juu ya dhambi. Hayo mmeyasoma katika Teolojia ya maadili. Twataka kuonyesha namna mwili unavyoharibika.

Shingoni hupita njia tatu: njia ya hewa, mishipa inayopandisha damu kichwani, na mishipa inayoirudisha moyoni. Ubongo wa mtu ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote, wala hauna ghala ya kuiweka akiba. Watu hudhani kwamba hatari ni njia ya hewa tu. Husema: «Maadamu anapumua, hakuna neno». Hilo ndilo kosa kubwa. Njia ya hewa ni ngumu, lakini mishipa ni laini. Waganga wanaochunguza maiti za watu walionyongwa huandika kwamba uzito wa kilo 2 hivi wa kamba watosha kufunga mishipa inayorudisha damu. Kilo 5 hufunga mishipa mikubwa inayoipandisha. Lakini njia ya hewa yataka kama kilo 15. Bidoni ya litri 5 iliyojaa maji, ambayo mtoto huibeba kutoka kisimani, ina uzito wa kutosha kunyima ubongo damu, na huku mtu bado anavuta pumzi.

Tena jambo hilo ni la upesi sana. Mwaka 1943 waganga wa Marekani walitangaza habari za majaribio waliyofanya: waliwavika vijana wazima mfuko wa hewa shingoni, wakaujaza ghafula ili damu isipande kichwani. (Leo hakuna munganga angepewa ruhusa ya kufanya hivyo.) Katika sekunde 5 mpaka 10 macho yalikaza, kisha vijana wakazimia. Basi wale wanaosema, «Tumepatana alama; akinigusa mkono nitamwacha,» wategemea nini? Mwenye kutoa alama ndiye anayepotewa na akili kwanza. Hata wepesi ule wa kichwa ambao wengine huusifu kuwa ni utamu, si kitu kingine ila ubongo uliopungukiwa na oksijeni. Ukikosa damu dakika chache tu, kama 4 au 5, baadhi yake hufa, na sehemu iliyokufa haifufuki.

Watu wasidhani kwamba telefone ndiyo iliyozaa mambo hayo. Mwaka 1791, mjini London, mtungaji wa muziki František Kočvara, mtu wa Bohemia, alijifunga kamba shingoni kwa kutaka mwenyewe, mbele ya mwanamke aliyekuwa naye, akafa. Mwanamke yule alishitakiwa, kisha akaachiliwa. Kama mwenye mwenzake chumbani hakuokoka, basi anayefanya hayo peke yake yumo hatarini zaidi: akizimia, uzito wa mwili wake mwenyewe wazidi kukaza, wala hapana mtu wa kulegeza. Kwa hiyo padri anayeitwa kwenye maiti ya kijana aliyekutwa hivyo asiharakie kusema kwamba amejiua. Pengine hakutaka kufa hata kidogo. Ni kazi ya munganga kupambanua, na wazazi watakumbuka siku zote neno la kwanza la padri.

Sasa twafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Katekista mmoja alitusimulia kwamba mama fulani alimjia akilalamika kuwa mumewe humkaba usiku, na mume asema ni mchezo. Katekista alimtazama shingo, hakuona alama, akamwambia avumilie, kwa kuwa mambo ya chumbani ni siri ya nyumba. Alijibu kwa nia njema, wala sisi hatukufundishwa zaidi katika Seminari kubwa. Lakini jibu lile halikuwa jibu. Katika kesi 300 za wanawake waliokabwa zilizochunguzwa San Diego, Marekani, habari zake zikatolewa mwaka 2001, walau nusu hawakuwa na alama ya kuonekana. Mshipa wa shingo waweza kupasuka ngozi yake ya ndani, damu ikagandamana pale, na baada ya siku nyingi, hata majuma, kipande kikapanda kichwani: mtu aliyekuwa mzima aamka amepooza upande mmoja. Hapo nani atakumbuka mchezo ule? Mwenye mimba aweza kuharibu mimba.

Tena mchezo na ukali hufanana mno. Wachunguzi wa Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyekwisha kukabwa na mumewe au mchumba wake yumo katika hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba kuliko asiyekabwa. Uingereza walitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika 2022, kumwadhibu anayemkaba mwenzake hata asipomwua.

Mama wa namna hiyo, basi, asikilizwe faraghani, mumewe asiwepo, na aulizwe waziwazi: Je, ulizimia? Ulijikojolea bila kujua? Sauti imebadilika? Kumeza kwauma? Macho yana madoa madogo ya damu? Wasahau maneno? Mkono au mguu una ganzi? Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, apelekwe hospitalini siku ileile, na munganga aambiwe wazi kwamba alikabwa shingo, maana akiambiwa «kichwa chauma» tu, atatoa dawa ya malaria.