Programu ya Kompyuta Baada ya Maafa
Urejeshaji, yaani awamu ya kuijenga upya jamii baada ya uokoaji, mara nyingi hukwama kwa sababu taarifa zimetawanyika, hata pale misaada inapokuwa tele. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, wataalamu wa kompyuta wa Sri Lanka waliojitolea walitengeneza Sahana, programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha bila malipo, iliyounganisha orodha za waliopotea, za kambi na za mashirika, ili kijiji kimoja kisiletewe mahema mara mbili huku cha jirani kikilala nje. Hata hivyo, karani wa kambini akiandika jina la mtoto mmoja kwa tahajia mbili, kompyuta itahesabu watoto wawili, na mzazi anayemtafuta huenda asimpate.